Kupima damu kwa mzio wa chavua ya miti: mwongozo kamili, tangu daftari la dalili hadi kusoma majibu

Karatasi yangu ya kwanza ya majibu ilikuwa na mistari ishirini, na kumi na mmoja kati ya hiyo ilikuwa na alama nyekundu. Miti mitano, nyasi, magugu mawili, ngano, karanga, soya. Aliyenikabidhi alizungushia peni kila chekundu, akaniambia nijiepushe na vyote hivyo. Nilikula kwa woga miezi minne, na mafua yangu hayakupungua hata kidogo. Baadaye daktari mwingine aliitazama karatasi ileile, akaiweka kando, akaniuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza: "Unapiga chafya lini?"

Kumbe shida yangu ilikuwa kundi moja tu la miti. Wekundu mwingine wote ulikuwa mwangwi wa sukari fulani iliyomo karibu katika kila mmea, isiyomdhuru mtu. Mashine haikukosea, ilijibu kila ilichoulizwa. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza mbali na sindano.

Kinachotafutwa ndani ya damu

Chavua ni unga wa kiume wa mmea. Punje moja ya chavua ya betula, mti wa nchi za baridi uitwao birch kwa Kiingereza, ina upana wa mikromita 20 hadi 25 hivi, kwa hiyo jicho haliioni ikiwa peke yake. Ikitua kwenye ute wa pua hulowa, huvimba, na ndani ya dakika chache humwaga protini zake. Kwa watu wengi habari inaishia hapo. Kwa mwenye mzio, kinga ya mwili ilishaikosea protini hiyo siku za nyuma, ikaidhania adui na kuitengenezea kingamwili maalumu ya aina ya IgE. Kingamwili hizo hujibandika juu ya seli zilizojaa histamini, kemikali inayoleta mwasho na uvimbe, puani, machoni na kwenye njia za hewa. Protini ileile ikirudi na kuziunganisha kingamwili mbili zilizo jirani, seli inamwaga histamini, nawe unaanza kusugua macho.

Sehemu ndogo ya IgE huelea kwenye damu bila kushika seli yoyote. Hiyo ndiyo inayopimwa. IgE iligunduliwa katika miaka ya 1960 na makundi mawili yaliyofuata njia tofauti: Kimishige na Teruko Ishizaka nchini Marekani, na S.G.O. Johansson na Hans Bennich nchini Sweden. Jina lenyewe lilikubaliwa mwaka 1968. Kipimo cha kwanza cha kutafuta IgE ya kitu kimoja mahususi kilielezwa 1967, kikitumia vitu vyenye mnururisho, na kiliitwa RAST. Mnururisho uliachwa zamani, lakini jina halikufa. Hadi leo utamsikia daktari akisema "kapime RAST" ilhali mashine iliyoko maabara ni nyingine kabisa.

Jambo la kushika hapa ni hili: IgE ikionekana, maana yake mwili umeshaiwekea alama chavua hiyo. Haimaanishi kwamba inakuumiza. Wapo watu wengi wenye IgE ya chavua kwenye damu ambao hupita chini ya mti huohuo msimu mzima bila kupiga chafya. Mzio ni alama hiyo pamoja na dalili zinazolingana nayo. Dalili haziko kwenye damu, unazo wewe.

Hatua ya 1: daftari

Chukua daftari, au simu, na kwa wiki nne hadi sita andika mistari miwili kila jioni. Ikiwa msimu wako mbaya umeshapita, andika unachokumbuka kwa kufuata miezi. Usiandike "leo nimeugua". Andika hivi:

"Saa moja asubuhi, chafya tisa mfululizo, pua inatiririka maji meupe, macho yanawasha kona ya ndani. Nilikuwa nje, upepo mkali, jua. Mchana ndani ya ofisi, nafuu. Nimemeza kidonge kimoja cha aleji saa mbili."

Mstari kama huo una thamani kuliko nusu ya vipimo. Kuwasha kwa macho na maji mepesi puani vinaelekeza kwenye mzio. Pua iliyoziba upande mmoja, ute mzito wenye rangi, homa au maumivu ya uso vinaelekeza kwingine. Kuugua zaidi nje, siku kavu yenye upepo, kunaelekeza kwenye chavua. Kuugua zaidi kitandani, mwaka mzima, kunaelekeza kwenye utitiri wa vumbi, vijidudu visivyoonekana vinavyoishi godoroni, na hapo unaweza kupima miti yote duniani usipate kitu.

Zingatia pia miti iliyo karibu nawe, na hapa watu wengi hukosea mshukiwa. Ua kubwa lenye rangi na harufu huchavushwa na nyuki. Chavua yake ni nzito na yenye kunata, hairuki mbali. Wahalifu ni miti inayotegemea upepo, ambayo maua yake ni vishada vidogo vya kijani au kahawia usivyovitambua kuwa ni maua. Kishada kimoja cha betula hubeba mamilioni ya punje. Msonobari nao husingiziwa kila mwaka kwa sababu unga wake wa manjano huonekana kwa macho juu ya magari na madimbwi, lakini chavua yake ni mara chache sana kumletea mtu mzio. Mara nyingi kinachokuumiza siku hiyo ni kingine kinachochanua sambamba nao, usichokiona.

Iwapo daftari linaonyesha kifua kubana, mluzi unapopumua au kikohozi cha usiku, usisubiri kipimo cha mzio. Hiyo inaweza kuwa pumu, na inatibiwa kwanza.

Hatua ya 2: damu au ngozi?

Kipimo cha ngozi ni tone la chavua iliyochujwa linalowekwa mkononi, ngozi inadonolewa kidogo juu yake, na baada ya dakika 15 mtu anapima uvimbe. Uvimbe wa milimita 3 au zaidi kuliko wa tone lisilo na kitu huhesabiwa kuwa chanya. Ni cha haraka, na unaondoka na majibu. Mimi ningekianza hicho mahali ambapo kuna mtu aliyezoea kukifanya.

Damu inashinda katika hali kadhaa. Ya kawaida kabisa ni dawa: vidonge vya aleji huzima uvimbe wa ngozi, kwa hiyo kabla ya kipimo cha ngozi mtu huviacha kwa siku kadhaa, mara nyingi wiki nzima. Aliye katikati ya msimu mbaya hawezi. Damu haijali vidonge hivyo, endelea kuvimeza. Damu pia ndiyo njia kwa mwenye ukurutu uliotapakaa mikononi na mgongoni, kwa mwenye ngozi inayovimba ukiikwaruza tu, kwa aliyewahi kupata mshtuko mkali wa mzio, kwa mjamzito, na kwa mtoto asiyetulia. Zaidi ya hayo, damu peke yake ndiyo inayoweza kuchambuliwa hadi kwenye protini mojamoja, jambo litakalokuwa muhimu tukifika kwenye karatasi nyekundu kama yangu.

Kasoro yake ni kungoja siku kadhaa, gharama inayopanda kwa kila kitu unachoongeza, na wakati mwingine kukosa mzio mdogo ambao ngozi ingeuonyesha.

Hatua ya 3: chagua miti, usiagize msitu

Fomu ya maabara ina orodha ndefu yenye herufi na namba. Katika mfumo uliosambaa zaidi, herufi t ni miti, g nyasi, w magugu, d utitiri wa vumbi, m kuvu, e wanyama, f vyakula. Hivyo t3 ni betula, t9 mzeituni, g6 nyasi ya timothi, d1 mmoja wa utitiri wa vumbi, e1 paka.

Kishawishi ni kutia alama kila t. Usifanye hivyo. Miti ina koo, yaani familia, na ndani ya ukoo mmoja protini zinafanana kiasi kwamba kupima mmoja ni kama kupima wote. Wa kaskazini na wenye baridi wanahitaji betula, ambayo inawawakilisha alnasi, hazeli, mwaloni na jamaa zao. Panapoota mizeituni, mzeituni unatosha kumwakilisha fraksinasi. Ukoo wa mberoshi unakusanya juniperi na mwerezi wa Japani, na huu una tabia yake: wengi katika ukoo huo humwaga chavua majira ya baridi, ndiyo maana wagonjwa wake huambiwa miaka mingi kwamba wana mafua ya kawaida. Platanasi, mti wa kivuli uliopandwa kwenye barabara za miji mingi, hupimwa peke yake. Katika nchi za joto na ukame kuna mprosopi, mgunga na mvinje, ambazo pia zina namba zake kwenye orodha.

Miti miwili hadi minne iliyopo kweli unapoishi, na ambayo huchanua miezi iliyoandikwa kwenye daftari lako, inatosha. Ongeza vitu vichache vya kulinganisha: nyasi moja, utitiri wa vumbi, na mnyama unayeishi naye kama yupo. Bila hivyo unaweza kuubebesha mti kosa la godoro.

Kuna pia michanganyiko, ambapo miti kadhaa hupimwa kwa pamoja kwa bei ya mmoja. Ni nzuri kwa swali la ndiyo au hapana. Mchanganyiko ukitoka hasi, umeokoa pesa. Ukitoka chanya, hujui ni mti upi, na ile namba iliyoandikwa haina maana kubwa.

Vyakula usiviongeze "maadamu damu inatolewa". Hapo ndipo ngano na karanga zilipoingia kwenye karatasi yangu.

Hatua ya 4: siku ya kutoa damu

Huhitaji kufunga. Kunywa maji ya kutosha asubuhi hiyo, mishipa ionekane. Vaa nguo ambayo mkono wake unakunjika hadi juu ya kiwiko. Dawa zako zote endelea nazo, lakini uzitaje. Inayoleta utata wa kweli ni sindano ya omalizumab, dawa ya pumu kali ya mzio, ambayo hushikana na IgE yenyewe. Anayeitumia hukuta IgE ya jumla, yaani IgE yote iliyomo kwenye damu, imepanda ingawa anaendelea vizuri, na majibu yake yanahitaji mtu anayejua hilo.

Msimu si kikwazo. Unaweza kupima mwezi wowote. IgE ya chavua hupanda kiasi wiki chache baada ya msimu kisha hushuka polepole, lakini mwenye mzio wa dhahiri ataonekana wakati wote.

Shughuli yenyewe ni fupi. Mkanda wa mpira unafungwa juu ya kiwiko, unakunja ngumi, pamba yenye spiriti inapita, na anayetoa damu anagonga mshipa kwa ncha ya kidole kama anayepiga hodi kwa mgonjwa. Sindano inaingia, mkanda unalegezwa, chupa inajaa yenyewe. Mililita 3 hadi 5 zinatosha, kijiko kimoja cha chai. Kama una desturi ya kuona kizunguzungu, sema mapema ulazwe. Hakuna tuzo ya kuzimia umekaa. Kisha bonyeza pamba kwa dakika mbili au tatu mkono ukiwa umenyooka. Watu hupenda kuukunja, na ndio hao wanaoamka kesho na doa la zambarau.

Kabla hujaondoka, soma lebo kwenye chupa: jina lako, tarehe ya kuzaliwa. Tazama pia fomu, kwamba ile miti uliyokubaliana na daktari ndiyo iliyotiwa alama. Chupa ikishafika maabara ni vigumu kuuliza.

Kwa mtoto, omba krimu ya ganzi ipakwe mapema, kwani huchukua karibu saa nzima kufanya kazi. Na usimdanganye kwamba haitauma. Mwambie itauma kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, mhesabu pamoja.

Ndani ya maabara

Damu inaachwa igande kwa nusu saa hivi, inazungushwa kwa kasi, na juu yake kunabaki maji ya manjano: seramu. Katika mashine iliyozoeleka, kila mti una kikombe kidogo cha plastiki chenye sponji ndani yake, na sponji hiyo imefungamanishwa na protini za chavua ya mti huo. Mikrolita 40 za seramu, tone moja hivi, zinadondoshewa humo. IgE ya mti huo, kama ipo, inanasa. Vingine vyote vinaoshwa. Kisha inaingizwa kingamwili ya pili inayoitambua IgE ya binadamu, ikiwa imebeba kimeng'enya, inaoshwa tena, mwishoni kinaongezwa kitu ambacho kimeng'enya hukifanya kiwake. Mwanga mwingi, IgE nyingi. Mwanga huo ndio unaogeuzwa kuwa namba utakayoiona.

Hatua ya 5: kusoma karatasi

Namba huandikwa kwa kUA/L, yaani kiloyuniti kwa lita. Mpaka wa jadi ni 0.35, chini yake zamani ilihesabiwa hasi. Mashine za leo huona hadi 0.10, kwa hiyo kati ya 0.10 na 0.35 kuna eneo la kijivu: kitu kipo, kidogo, na uzito wake unategemea daftari lako. Juu ya hapo maabara nyingi huweka madaraja:

daraja 1: 0.35 hadi 0.70
daraja 2: hadi 3.5
daraja 3: hadi 17.5
daraja 4: hadi 50
daraja 5: hadi 100
daraja 6: zaidi ya 100

Madaraja haya yamewapotosha wengi, kwa sababu yanafanana na ngazi za hatari. Siyo. Namba kubwa inaongeza uwezekano kwamba chavua hiyo inahusika kweli na dalili zako. Haisemi utaugua kwa ukali gani. Mtu wa 4 anaweza kulala kitandani siku tatu, mwenzake wa 60 akapangusa pua na kwenda zake kazini.

Tuchukue karatasi ya mfano:

IgE ya jumla: 48
t3 Betula verrucosa: 21.6
t9 Olea europaea: 0.42
g6 Phleum pratense: 0.38
d1 Dermatophagoides pteronyssinus: chini ya 0.10

Mwenye karatasi hii huugua wiki sita kila mwaka, miti ya betula inapochanua, kisha hupona kabisa. Hapa hakuna kitendawili. Betula imebeba karibu nusu ya IgE yake yote. Mzeituni na nyasi vina kivuli tu, na kwa kuwa hana dalili katika misimu yake, vinaachwa. Utitiri haumo.

Sasa ibadilishe karatasi hiyohiyo: IgE ya jumla 3,900, betula 0.9, mzeituni 0.7, nyasi 1.1, utitiri 0.8. Madaraja yanasema chanya kila mahali. Lakini mtu mwenye IgE nyingi kiasi hicho, labda kwa sababu ya ukurutu mkali au minyoo, huwa na chembe za kila kitu. Namba ndogo ndani ya bahari kubwa hazina mshindo. Ndiyo sababu napenda IgE ya jumla ipimwe sambamba, si kwa kuwa yenyewe inathibitisha mzio (maabara nyingi huweka kikomo cha mtu mzima karibu na 100, na wapo wenye mzio wa wazi walio chini yake), ila kwa sababu inakupa kipimo cha kuzipimia zile nyingine.

Hatua ya 6: kila mstari ukiwa mwekundu

Hapa ndipo nilipokwama mimi, na panahitaji utulivu.

Chavua ya mti mmoja si protini moja. Ni kapu. Ndani yake kuna protini zinazoutambulisha ukoo wa mti huo, na kuna nyingine za jumla ambazo mimea karibu yote inazo. Mwili wako ukiwa umeitia alama mojawapo ya hizo za jumla, karibu kila mmea utakaopimwa unaweza kutoka chanya: miti, nyasi, magugu, hata ngano na karanga. Za kawaida ni tatu: profilini, polkalsini (hii iko kwenye chavua tu, si kwenye vyakula), na ile minyororo ya sukari iliyoshikizwa kwenye protini za mimea. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyojaza karatasi yangu wekundu. Inashikana na IgE ndani ya kikombe cha maabara vizuri kabisa, ila mwilini haileti dalili.

Dawa ya mkanganyiko huu ni kupima protini mojamoja. Majina yake yanatisha hadi ujue siri: herufi tatu za jina la kisayansi la mmea, herufi moja ya jina la pili, kisha namba kwa mpangilio wa kupewa jina. Bet v 1 ni protini ya kwanza ya Betula verrucosa. Basi:

Bet v 1 ikiwa juu, mzio wa ukoo wa betula ni wa kweli. Ole e 1 inasema hivyohivyo kwa mzeituni na fraksinasi. Cup a 1 au Cry j 1 kwa ukoo wa mberoshi. Pla a 1 kwa platanasi. Upande wa pili, Bet v 2 ni profilini na Bet v 4 ni polkalsini. Hizi zikiwa ndizo pekee zilizo juu, ule wekundu wa miti ni wa kuazima. Kwa zile sukari kuna kipimo chake kiitwacho MUXF3.

Kwangu ilikuwa Bet v 1 juu, MUXF3 juu, nyingine zote kimya. Mistari mitatu ilifuta ishirini.

Huhitaji vipimo hivi kama karatasi ya kwanza inaeleweka. Vinalipa pale mambo mengi yanapotoka chanya kwa pamoja, na hasa kabla ya kuanza tiba ya kuzoesha mwili, yaani kupewa chavua yenyewe kidogokidogo, kwa sababu ukizoeshwa chavua isiyo yako umepoteza miaka. Kuna pia vibao vinavyopima protini zaidi ya 100 kwa matone machache ya seramu. Vinavutia, na kwa kesi ngumu vinafaa, lakini kwa mtu wa kawaida ni kurudi kulekule kwenye msitu.

Majibu safi, pua haikomi

Kwanza, huenda uliulizwa mti usio wako. Rudi kwenye daftari na kalenda ya miti inayochanua miezi hiyo. Pili, kuna watu ambao IgE yao hutengenezwa puani kwenyewe bila kuonekana kwenye damu wala kwenye ngozi. Hao hugunduliwa kwa kuwekewa chavua puani chini ya uangalizi. Tatu, si kila mafua yasiyoisha ni mzio. Hewa baridi, moshi, manukato, homoni, na matone ya kuzibua pua yaliyotumiwa kwa muda mrefu kupita kiasi vyote hufanya kazi hiyo bila IgE yoyote. Kwa hao wa matone, kuyaacha ndiyo tiba.

Usikimbilie vipimo vya IgG, vya unywele au vya mashine za "nguvu za mwili". IgG ni kumbukumbu ya kawaida ya mwili kukutana na kitu, haigundui mzio.

Mdomo unaowasha ukila tufaha

Mwambie daktari kama tufaha bichi, peasi, cheri, karoti au seleri inakuwasha midomo na koo. Bet v 1 ina ndugu ndani ya matunda hayo, na IgE yako haiwatofautishi. Mwasho huo kwa kawaida huisha ndani ya nusu saa, na tufaha likipikwa haliwashi, kwa sababu protini hiyo huharibika kwa moto. Huhitaji kupimwa kila tunda. Kula yale yasiyokuwasha.

Tahadhari mbili. Karanga na njugu za mitini zikikuwasha, usijiambie ni chavua tu. Hizo zina protini nyingine zinazoweza kuleta mshtuko, nazo zipimwe. Na vinywaji vya soya, vikinywewa kwa wingi na kwa haraka, vimewahi kuwaletea watu wa betula athari kubwa kuliko mwasho. Uvimbe wa ulimi, sauti kubadilika, kupumua kwa shida au kizunguzungu baada ya kula ni dharura ya hospitali.

Hatua ya 7: baada ya majibu

Matibabu ya kila siku hayangoji karatasi. Dawa ya kupuliza puani yenye steroidi, ikianzwa wiki moja au mbili kabla ya msimu na kutumiwa kila siku, huwasaidia wengi kuliko vidonge peke yake. Kinacholetwa na karatasi ni tarehe: sasa unajua mti, kwa hiyo unajua wiki ya kuanza kupuliza, siku za kufunga madirisha, na wakati wa kuacha kuanika nguo nje.

Mti wa kuukata mara nyingi haupo. Chavua ya upepo husafiri kilomita nyingi. Kung'oa mmoja ulio uani kunaweza kukupunguzia mzigo, ila hakukuponyi.

Ikiwa dawa hazitoshi, kuna tiba ya kuzoesha mwili, kwa sindano au vidonge vya chini ya ulimi, kwa kawaida miaka mitatu. Hapo kipimo cha damu kinarudi kazini kwa mara ya mwisho: mwenye Bet v 1 akitibiwa kwa betula hupata nafuu hata kwa alnasi na hazeli. Ukiianza, usipime IgE tena kila baada ya miezi michache kutafuta faraja. Miezi ya mwanzo namba hupanda, kisha hushuka polepole mno, na haifuatani na jinsi unavyojisikia. Fuatilia daftari.

Kupima upya kuna sababu chache: mtoto anayekua ambaye dalili zake zimebadilika, mtu aliyehamia penye miti mingine na kuanza kuugua baada ya msimu mmoja au miwili, au dalili mpya zilizozuka katika mwezi ambao zamani ulikuwa mwema. Ukienda, beba karatasi ya zamani yenye namba, siyo ile iliyoandikwa "chanya" peke yake, na hakikisha kipimo kimefanywa kwa mfumo uleule. Namba za mashine mbili tofauti hazilinganishwi, hata kama yuniti zake zinasomeka sawa.